Mara Tatu na Kidole

Bati la kwanza nililoharibu maishani lilikuwa la mjomba wangu, na aliyeniponza ni pai, ile namba inayosema mzingo wa duara ni mara ngapi ya upana wake, ingawa siku ile sikujua hata kama kitu hicho kina jina.

Mjomba alikuwa fundi wa majiko ya mkaa pale Gerezani, Dar es Salaam. Wakati wa likizo nilikuwa naye: nanyoosha vipande vya pipa kwa nyundo ya mti, naokota mabaki, na akiwa na moyo mzuri ananiachia msumari nichore mistari ya kukatia. Fundi wa majiko ana tatizo moja kila asubuhi. Mteja anataka jiko la upana fulani, na yeye anatakiwa kujua akate ukanda wa urefu gani ili ukikunjwa ncha zikutane. Mjomba alikuwa na kanuni yake: upana mara tatu, na kidole. Jiko dogo la sentimita 14, mara tatu ni 42, unaongeza kidole gumba, kama sentimita mbili hivi, zinakuwa 44. Unaacha nafasi ya mkunjo, unakata. Linafunga.

Siku moja akaja mama ntilie anataka jiko kubwa, la sentimita 42. Mjomba alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Nikajiona fundi. Mara tatu, 126. Na kidole, 128. Nikaacha mkunjo, nikakata, nikaanza kukunja huku mama wa watu ananitazama. Ncha hazikukutana. Nikavuta, nikagonga, nikavuta tena, pengo likabaki palepale.

Mjomba aliporudi hakufoka. Aliushika ukanda, akaingiza vidole gumba viwili kwenye pengo, vikaenea. "Kidole kimoja ni cha jiko dogo," akasema. "Hili ni majiko madogo matatu kwa upana. Lina vidole vitatu." Bati lile likageuzwa mifuniko, na mimi nikarudishwa kwenye kuokota mabaki.

Darasa la saba ndipo nilipokutana na maneno "tumia π = 22/7" kwenye maswali ya mzingo wa duara. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kushtuka. Ishirini na mbili kwa saba ni tatu na moja ya saba. Moja ya saba ya 14 ni 2. Kidole cha mjomba! Moja ya saba ya 42 ni 6, vidole vitatu. Mjomba hakuwahi kufika darasa hilo, lakini kanuni yake ilikuwa ileile ya kitabuni, imevaa kanzu ya Gerezani. Vipenyo vyote vya mtihani, kumbuka, vilikuwa 7, 14, 21, 28. Kwa muda mrefu niliamini duniani hakuna duara lisilogawanyika kwa saba.

Sekondari nikashika kikokotoo chenye kitufe cha π. Nikabonyeza: 3.141592654. Nikagawa 22 kwa 7: 3.142857143. Nikamuuliza mwalimu ipi ndiyo pai. Akasema ni zilezile, jibu swali. Sikumlaumu, darasa lilikuwa na watu wengi na kengele ilikaribia. Ila jambo lenyewe lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na miaka ilipita kabla sijasoma kwamba Archimedes, Mgiriki wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hakusema hata siku moja kuwa pai ni 22/7. Alichukua duara, akalibana kwa poligoni za pande 96, moja ndani na moja nje, akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ndogo kuliko 3 na 1/7. Yaani 22/7 ni dari, nyumba yenyewe iko chini yake. Kwa fundi dari ni bora kuliko sakafu. Jiko la sentimita 35 ukitumia 22/7 unakata 110 kamili, na hesabu halisi ni 109.956. Umezidisha chini ya nusu milimita, karibu unene wa mstari wa msumari. Bati likizidi unakata, likipungua unamwita mjomba.

Sikuwa mwanahisabati. Nimekuwa karani kwenye ofisi ya kugomboa mizigo ya bandarini kwa miaka mingi, na karani usiku ana simu yenye kikokotoo na hana la kufanya nayo. Nikaanza mchezo wa kuwinda pai. Kipeuo cha pili cha 2 jumlisha kipeuo cha pili cha 3: 3.146. Mbaya kuliko 22/7. Kipeuo cha tatu cha 31: 3.1414, si haba. Nikawa najaza daftari. Kila nilipopata tarakimu moja zaidi nilijisikia kama mtu aliyevuta changu kwenye maji ya kina.

Nilichokosa ni hesabu ya faida, kitu ambacho karani wa mizigo angepaswa kukijua kabla ya wote. Siku moja nilipata sehemu yenye tarakimu nne juu na nne chini, ikanipa tarakimu sita sahihi za pai. Nikafurahi mpaka nilipohesabu: nimeingiza nane, nimetoa sita. Hasara. Ningeandika tu 3.14159 kwa mkono ningekuwa nimebana matumizi. Kwa kipimo hicho 22/7 imeingiza tarakimu tatu na kutoa tatu, hakuna faida wala hasara. Sehemu yenye maajabu ni 355/113: tarakimu sita zinaingia, saba zinatoka, 3.141592 na ushei. Aliipata Zu Chongzhi wa China katika karne ya 5. Kuikumbuka ni rahisi, andika 113355, kata katikati, ya kwanza iende chini. Ukichora duara lenye kipenyo cha kilomita moja, kosa lake kwenye mzingo ni kama robo milimita. Tangu nilijue hilo nimeifuta nusu ya daftari langu, na nusu nyingine nilipaswa kuifuta pia.

Kisha nikakutana na karani mwenzangu. Srinivasa Ramanujan, mwaka 1912, alikuwa karani wa hesabu kwenye mamlaka ya bandari ya Madras, India, mshahara rupia 30 kwa mwezi. Mwaka 1914, akiwa ameshafika Uingereza, alichapisha makala kuhusu kanuni za kukaribia pai. Mle ndani kuna hii: gawa 2143 kwa 22, chukua kipeuo cha nne. Unapata 3.1415926526. Niliijaribu kwenye simu nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Inavyoonekana, mtu yeyote mwenye macho angeweza kuiona: ukizidisha pai mara pai mara pai mara pai unapata 97.409091, na karani aliyezoea kugawa kwa 11 akiona 0.409091 anajua kuna kumi na moja imejificha humo.

Lakini makala hiyohiyo ina mnyama mwingine. Chukua 9801, gawa kwa 2206, gawa tena kwa kipeuo cha pili cha 2: 3.14159273. Hiyo ni hatua ya kwanza tu ya mfululizo usio na mwisho, na kila hatua inayofuata inaongeza kama tarakimu nane. Mwaka 1985 Bill Gosper aliutumia kwenye kompyuta akapata tarakimu zaidi ya milioni 17. Ile ya 2143 kwa 22 Ramanujan mwenyewe alieleza kwamba ameipata kwa kujaribu, haihusiani na nadharia aliyoieleza kabla yake. Mtu mmoja, makala moja, na anakuambia bila aibu hii nimeiokota, hii nimeipanda. Daftari langu lote lilikuwa la kuokota. Kipeuo cha tatu cha 31 hakina hatua ya pili. Huwezi kukiuliza, "endelea."

Basi nikaacha kuwinda, nikachukua kanuni inayoendelea, ile nyepesi kuliko zote: moja, toa theluthi, jumlisha moja ya tano, toa moja ya saba, jumlisha moja ya tisa, hivyohivyo kwa namba witiri zote, kisha zidisha kwa nne. Vitabu vingi huiita kanuni ya Leibniz, Mjerumani aliyeipata mwaka 1674. Uzuri wake unavutia, mwendo wake ni wa konokono. Ukijumlisha visehemu kumi unapata 3.0418. Mara tatu bila kidole, baada ya jasho lote hilo! Ukijumlisha mia, 3.1316.

Jumamosi moja ofisini, watu wamekwenda, nikaifungua Excel. Safu ya kwanza namba witiri kutoka 1 mpaka 1999, safu ya pili ishara, ya tatu mgawanyo, chini jumla. Visehemu elfu moja. Nikapanua kisanduku cha jibu ili kionyeshe tarakimu zote kinazoweza:

3.14059265383979

Nikaguna. Pai ni 3.14159265358979. Mbili sahihi baada ya nukta, ya tatu imekosewa. Ndivyo nilivyotegemea. Nikataka kufunga kompyuta niende zangu. Halafu jicho likarudi. Baada ya ile sifuri mbaya kuna 592653. Hizo ni tarakimu za pai! Zinafuata 83 mahali palipotakiwa kuwa 58. Halafu 979, sahihi tena.

Nilidhani nimeharibu fomula. Mtu akikosea njia Chalinze hafiki Segera kwa bahati. Hesabu ikishakosea tarakimu ya tatu, zinazofuata zinatakiwa kuwa takataka. Nikakagua safu zote, ziko sawa. Nikajaribu visehemu mia: 3.13159290355. Ya pili imekosewa, kisha 1592 sahihi, kisha vurugu. Nikachukua karatasi ya nyuma ya ankara nikatoa jibu langu kwenye pai halisi, kwa elfu moja: 0.00099999975. Kwa mia: 0.00999975.

Kosa halikuwa takataka. Kosa lilikuwa moja ya elfu, pungufu kidogo, na kwa mia lilikuwa moja ya mia, pungufu kidogo. Na ule upungufu? 83 toa 58 ni 25. Robo. Robo ya moja juu ya elfu mara elfu mara elfu. Kwa hiyo, ukisimama kwenye kisehemu cha N (namba shufwa), ongeza moja juu ya N, toa moja juu ya nne mara N mara N mara N. Nilirudi kwenye visehemu kumi vyangu vya aibu: 3.0418396, ongeza 0.1, toa 0.00025. Ikatoka 3.1415896. Kazi ya visehemu mamia elfu nimeifanya kwa kumi na mistari miwili ya marekebisho. Mlinzi alikuja kuuliza kama nalala hapo.

Sasa niseme ukweli wa fedheha. Niliandika kanuni ile kwenye ukurasa safi, nikaweka tarehe na jina langu kamili chini yake. Wiki kadhaa nilitembea mjini kama mtu anayemiliki kiwanja Masaki. Mwishowe nikaipiga picha nikamtumia mtoto wa dada yangu anayesoma chuo kikuu, naye ni mpole. Akajibu: "Shikamoo mjomba. Umefanya vizuri sana. Ila ni ya Madhava."

Madhava wa Sangamagrama aliishi Kerala, pwani ya Malabar huko India, kati ya mwaka 1340 na 1425 hivi. Pwani hiyo wazee wetu wa jahazi waliijua kwa upepo wa kusi. Yeye na waliomfuata walikuwa na mfululizo huo zaidi ya miaka 200 kabla ya Leibniz, na tena waliujua uvivu wake, kwa hiyo wakatengeneza marekebisho ya kuongeza mwishoni. Siyo langu la kienyeji, yao ni bora: kwa visehemu N, ongeza 4N gawanya kwa 4N² + 1. Nikiweka kumi, ni 40 kwa 401, napata 3.1415902. Na wana lingine zaidi: 4N² + 4 gawanya kwa 4N³ + 5N. Kumi tena: 404 kwa 4050. Toa kikokotoo chako ujumlishe na 3.0418396189. Utapata 3.1415927. Visehemu kumi!

Iliuma siku moja, kisha ikaacha. Kilichonikaa zaidi ni jambo jingine. Mwanazuoni wa shule hiyohiyo, Jyeshthadeva, kwenye miaka ya 1530 aliandika kitabu cha kueleza kwa nini kanuni hizi ni za kweli, hatua kwa hatua, na hakukiandika kwa Kisanskriti cha wasomi. Alikiandika kwa Kimalayalam, lugha ya nyumbani. Mimi ninayeandika haya nimelazimika kufikiri mara mbili kabla ya kila "kisehemu" na "mfululizo", na maneno tunayo.

Yule mpwa ndiye aliyeniambia nijaribu kanuni ya John Machin ya mwaka 1706, ambayo ilimpa mwenyewe tarakimu 100. Nilisubiri siku umeme umekatika, nikawasha taa ya chemli, daftari na kalamu. Unaanza na 3.2, unagawa kwa 25 kila mara, na kugawa kwa 25 ni kuzidisha kwa nne na kusogeza nukta mara mbili, kichwani kabisa: 0.128, 0.00512, 0.0002048, 0.000008192, 0.00000032768. Hizo unazigawa kwa 3, 5, 7, 9, 11 kwa zamu, unatoa, unajumlisha, unatoa. Kisha upande wa pili unatoa 4 gawanya kwa 239, unarudisha kidogo sana, 0.0000000977. Namba nane kwa jumla.

Nikapata 3.1413293.

Saa nzima natafuta. Mstari wa nne niliandika 0.000292571, sifuri moja imeanguka. Nilipoirudisha ikatoka 3.14159265, nikaegemea kiti. Lakini nilijua kuna kosa kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari. William Shanks, Mwingereza aliyekuwa na shule ya bweni, alifanya kazi hiyohiyo kwa kanuni hiyohiyo na mwaka 1873 akatoa tarakimu 707. Hakuwa na jibu la kuchungulia. Alikosea kwenye ya 528, zote zilizofuata zikaharibika, na hakuna aliyejua mpaka miaka ya 1940, D. F. Ferguson alipokokotoa upya kwa kanuni nyingine na majibu yakagombana. Shanks alikuwa ameshafariki zamani. Mimi sasa kila hesabu ya ushuru inayonitia shaka naipiga kwa njia mbili tofauti, na vijana wa ofisini wananicheka.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mjomba, Mbagala. Mzee sasa, lakini bado ana kipande cha reli cha kugongea chini ya mwembe, na majirani wanamletea majiko yaliyotoboka. Baada ya shikamoo na chai nikamwambia nimemletea kanuni nzuri kuliko ile yake: upana mara 355, gawa kwa 113. Kwa jiko la 42 kosa lake ni kama moja ya elfu kumi ya milimita. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Upana wa ndani au wa nje?" akauliza.

Bati la pipa lina unene wa kama milimita moja. Upana wa nje unazidi wa ndani kwa milimita mbili, na mzingo unazidi kwa zaidi ya milimita sita. Mimi na tarakimu zangu saba tukanyamaza. Mwisho nikasema ya katikati, katikati ya unene wa bati, maana ndipo pasipovutika wala kubanika likikunjwa.

"Hapo katikati sijawahi kupashika," akasema. "Mimi napima ndani."

Nikamwomba kidole. Akacheka, akanipa mkono wa kulia, ule gumba bapa wa mtu aliyegonga bati miaka 50. Nikauweka kwenye rula: sentimita mbili na milimita tatu. Nikatoa simu. Jiko la 14 ndani, bati milimita moja, katikati ni 14.1. Mara 355, gawa kwa 113: 44.3. Toa 42. Sentimita mbili na milimita tatu.

Kwa jiko la 42 vidole vyake vitatu vinazidi kwa milimita sita hivi. Nilipomwambia, alinyoosha mkono akachukua mkasi wa bati, akanionyesha.